Gonga Chesisi Kwanza

Leo naomba uanze kwa kutega sikio tu. Nimeingia studioni na kipande cha chuma, urefu wake kama kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, pamoja na nyundo ndogo. Nakigonga upande huu. Umesikia? Ngiii. Mlio mwembamba, unakaa hewani kidogo halafu unajiendea zake. Sasa nakigeuza, nagonga upande wa pili. Pwu. Kama umebisha hodi kwenye papai lililoiva kupita kiasi. Chuma ni hiki hiki kimoja. Upande wa kwanza ni mzima, wa pili umeliwa na kutu kwa ndani. Lakini ukiuangalia kwa macho huoni tofauti, kwa sababu kote kuna rangi nyeusi inayong'aa.

Kipande hiki kilikatwa kwenye chesisi ya pikapu ya marehemu baba yangu, Toyota Hilux ya mwaka 1986. Leo nataka tuzungumze kuhusu kufufua pikapu kuukuu nyumbani, uani kwako, kwa Jumamosi zako na fedha zako za kuungaunga. Na ukiniuliza nina lipi la kukuambia, ni hili: gari kuukuu hufufuliwa kuanzia chini kwenda juu. Mimi nilianza juu, na nitakusimulia kilichonipata.

Baba alikuwa akibeba machungwa kutoka Muheza kuja Tanga mjini. Wanaoijua njia ile wanajua msimu wa machungwa unavyokuwa: magunia, matenga, na harufu inayoingia kwenye viti isitoke tena. Pikapu ilifanya kazi hiyo miaka mingi. Baba alipofariki ikaegeshwa chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, "kwa muda tu", tukasema. Muda tu ukawa miaka saba. Kuku wakataga ndani, tairi zikakaa chini, na watoto wa mtaa wakaigeuza basi la kwenda Dar es Salaam, dereva mmoja na makondakta wanne.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo gari hili ni la namna gani, maana si kila gari linafufulika uani. Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwezi Machi 1968. Toyota waliitengeneza wakishirikiana na Hino, katika kiwanda cha Hino huko Hamura. Injini yake ilikuwa ya petroli, lita 1.5, na gari lilikusudiwa kubeba tani moja. Jina lenyewe limeungwa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza, moja lina maana ya "juu" na jingine "anasa". Aliyewahi kukaa abiria wa katikati kwenye kiti kile kimoja, gia ikimgonga goti kila dereva akibadilisha, ana haki ya kuuliza anasa ilikaa upande gani.

Ya baba ni ya kizazi cha nne, kilichoanza mwaka 1983. Ina injini ya dizeli iitwayo 2L, silinda nne, cc 2,446, haina turbo wala kompyuta. Bodi na chesisi ni vitu viwili mbalimbali vilivyofungwa pamoja kwa boliti na bushi za mpira. Ukizifungua boliti, wanaume wanane wenye ugali tumboni wanainyanyua bodi ya mzigo na kuiweka pembeni. Hapo ndipo penye siri ya pikapu za namna hii: karibu kila kitu kinafunguka kwa spana na kinaonekana kwa macho. Gari la leo likiwasha taa ya onyo unatafuta mtu mwenye mashine ya kulisoma. Hili, likiumwa, linakuambia lenyewe kwa mlio, kwa moshi au kwa kuvuja.

Basi. Nilipoamua kuifufua, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa rangi. Makopo mawili, buluu ya bahari. Nikafungua kopo moja nikapaka kipande cha mlango kujaribu, nikarudi nyuma hatua tano, nikatabasamu. Nilikuwa naliona gari limekwisha kupona.

Jirani yetu ni fundi mstaafu, amezeeka na spana mkononi. Akaja na bakora yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unafufua gari ya marehemu."

"Ndiyo, mzee. Nimeshaanza. Rangi ile pale."

Akayatazama makopo, akautazama mlango, akanitazama mimi. "Naona umenunua sanda. Na maiti umeiosha?"

Sikuwa na jibu. Akaomba nyundo ndogo na kipande cha chaki. Akaniamuru nipandishe gari kwa jeki, niweke stendi za chuma nne chini ya chesisi, kisha nitoe jeki kabisa. "Jeki ni ya kupandishia," alisema, "si ya kulalia chini yake." Akaingia chini, na umri wake ule, akaanza kugonga sentimita kwa sentimita. Pakilia ngiii anapita. Pakilia pwu anachora duara kwa chaki. Nilikaa nje nikisikiliza, na kila pwu niliipigia hesabu mfukoni. Alipotoka kulikuwa na maduara kumi na moja.

Maduara yale hayakukaa ovyo ovyo. Mengi yalikuwa nyuma ya kebini, mahali tairi zinaporusha matope, na pale springi za majani za nyuma zinaposhika kwenye chesisi. Chesisi ya Hilux kwa sehemu kubwa ni boksi, ina uwazi ndani. Matope yanaingia kwa matundu madogo, yanakaa, yanashika unyevu, na kutu inaanza kula kutoka ndani kuja nje. Tanga nako kuna upepo wa bahari, na chumvi inaharakisha kazi hiyo. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akiliosha gari lake kila Ijumaa asubuhi, kwa sabuni, juu. Chini hakuwahi hata siku moja. Tulipoifungua ile boksi tulitoa udongo mkavu wa kujaza ndoo, na ndani ya udongo ule mbegu tatu za chungwa.

Sasa nikueleze kwa nini kutu haifichiki kwa rangi. Chuma kikigeuka kutu kinavimba, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu unaona rangi ya gari inaota malengelenge: si rangi iliyoharibika, ni kutu iliyo chini yake inayoisukuma. Fundi wa haraka anapasua lengelenge, anapiga msasa kidogo, anajaza puti, anapaka rangi. Gari linatoka gereji linameremeta. Lakini puti ikikaa juu ya kutu inanyonya unyevu na kuushikilia pale pale. Masika ikiisha, lengelenge limerudi na wenzake. Wazee wa pwani walishasema, la kuvunda halina ubani.

Dawa ni kukata. Unakata kile kilichooza mpaka ufikie chuma kinacholia ngiii, kisha unachomelea bamba jipya lenye unene ule ule au zaidi kidogo. Kuchomelea bamba juu ya chuma kilichooza ni sawa na kushona kiraka kwenye nguo iliyochakaa: uzi unashika, nguo inachanika pembeni. Na kazi hii, kama hujaisomea, mwite mchomeleaji anayejua chesisi. Mimi nilijua kuchomelea geti. Geti likiachia linaanguka uani. Chesisi ikiachia, inaachia na gunia kumi mgongoni, kwenye mteremko.

Mambo mawili ya usalama hapa, tafadhali usiyapite. Kabla ya kuchomelea, toa nyaya za betri, maana umeme wa kuchomelea ukipita njia mbaya unaua alteneta. Na tangi la mafuta liondolewe likae mbali. Usimruhusu mtu yeyote achomelee tangi eti kwa sababu ni tupu. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Baada ya kuchomelea, mafundi wetu wengi wana desturi ya kupaka chesisi oili chafu. Ni kweli inafukuza maji kwa muda. Lakini oili hiyo inazilainisha na kuzivimbisha bushi za mpira, inashika vumbi likawa kama lami, na inadondokea ardhini penye kisima chako. Tumia praima ya kuzuia kutu kwa nje, na kwa ndani ya boksi pulizia nta ya maji inayouzwa kwa kazi hiyo. Matundu ya chini usiyazibe. Yamewekwa ili maji yatoke.

Chesisi ilituchukua miezi mitano. Miezi mitano, msikilizaji, na ukisimama barabarani huoni kilichobadilika. Jirani anakupitia asubuhi, "Vipi, bado tu?" Hapa ndipo miradi mingi inapofia. Si kwamba fedha imekwisha. Macho yamekosa cha kuona.

Kutoka chesisi tukaenda breki, bado tuko chini. Mafuta ya breki tuliyoyakuta yalikuwa mekundu meusi kama chai ya rangi. Yakiwa mapya hayana rangi hiyo. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, hata gari likiwa limesimama. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. Sasa fikiria unateremka na mzigo, mguu uko kwenye breki, breki zimepata moto. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inazama hadi sakafuni kama unakanyaga godoro. Wengi hulaumu pedi. Mwenye kosa ni kijikopo cha mafuta ambacho hakikubadilishwa miaka kumi.

Tulibadilisha mipira yote ya breki, silinda za magurudumu ya nyuma zilizoshikwa na kutu, na mabomba ya chuma yaliyoliwa. Tulipofungua madramu nilikuwa nimeshika mpira wa kompresa nipulize vumbi. Mzee akanishika mkono. Breki za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likikaa kwenye mapafu halitoki. Lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukifunge kwenye mfuko na kukitupa.

Sasa injini. Najua kuna mtu alikuwa anaisubiri tangu mwanzo. Kosa kubwa kwa injini iliyolala miaka ni kuleta betri mpya na kupiga stata siku ya kwanza. Ringi za pistoni zimeshikana na kuta za silinda, ukilazimisha zinakwaruza au zinavunjika. Sisi tulifungua plagi za kupashia moto, tukatia oili kidogo katika kila silinda, tukaiacha usiku mzima. Asubuhi nikaweka spana kwenye boliti ya puli ya mbele nikazungusha kwa mkono, polepole. Ikagoma. Nikatia tena, nikasubiri tena. Siku ya tatu ikajongea, kama mzee anayenyanyuka kitini huku akishika kiuno.

Dizeli haina plagi za cheche. Inabana hewa ndani ya silinda zaidi ya mara 20 mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, ndipo mafuta yanayopuliziwa yanawaka. Kwa hiyo uhai wake wote ni mbano, ile ambayo mafundi wanaiita kompresheni. Tulipima, silinda tatu zilikuwa sawa, ya nne hafifu. Hedi ikashushwa, ikapelekwa kwa wachongaji ikanyooshwa na valvu zikasagwa. Dizeli ya zamani ikamwagwa yote pamoja na maji yaliyokaa chini ya tangi, filta mpya, nozeli zikapimwa. Na mkanda wa taimingi tukabadilisha bila hata kujadiliana. Kwenye injini hizi za L mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni zinakutana na valvu, na hapo unaanza upya. Mkanda ni mpira, na mpira unazeeka hata ukiwa umelala chini ya mwarobaini.

Rejeta nayo. Wengi wetu tunajaza maji ya kisima. Maji ya pwani yana chumvi na chokaa, yanajenga ukoko ndani ya vijia vya rejeta kama ule unaouona ndani ya birika. Mwisho gari linachemsha, hedi inapinda, na lawama anabeba fundi. Tia kulanti. Si anasa, inazuia kutu ndani ya injini.

Siku iliyowaka, ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweupe ukafunika kuku wote, kisha ikatulia kwenye mlio ule wa takatakataka. Mama alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Hakusema kitu, akarudi ndani.

Sasa tuje kwenye kuboresha, na hapa vijana watanisamehe. Kijana mmoja wa mtaani alinifuata: "Mjomba, hiyo 2L haina nguvu. Funga turbo." Ni kweli haina nguvu, farasi zake hazifiki mia. Lakini 2L iliyotoka kiwandani ikiwa na turbo, ile ya 2L-T, ina sifa mbaya ya kupasua hedi kwa joto. Kama kiwanda kilipata shida hiyo, mimi, mjomba wake, nitaiweza uani? Mwingine akasema niweke 3L. Huyo alikuwa na hoja. 3L ni ya ukoo ule ule, cc 2,779, na inakaa kwenye nafasi ya 2L bila kukatakata sana. Wafanyabiashara wetu huzileta mitumba kutoka Dubai na Sharjah, pengine pamoja na nusu ya mbele ya gari iliyokatwa. Ukichagua njia hiyo, dai risiti na uandike namba ya injini, maana namba hiyo imo kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, nenda Mamlaka ya Mapato, TRA, ukabadilishe na kadi. Usipofanya hivyo, siku ukikaguliwa utaonekana mwizi wa gari lako mwenyewe.

Mimi nilibaki na 2L, nikaelekeza fedha kwenye mambo matatu ambayo hayajisifu.

La kwanza ni taa. Taa ya H4 hutumia wati 55 kwa mwanga wa chini. Taa mbili ni wati 110, yaani zaidi ya ampea 9 za umeme, na umeme wote huo ulikuwa unapita kwenye swichi ya zamani na nyaya zilizochoka. Nilipopima, kwenye betri kulikuwa na volti 13.8, kwenye taa volti 11.4. Tukaweka rilei mbili, waya mnene kutoka betri na fyuzi yake. Swichi ikabaki na kazi ya kuiamsha rilei tu. Taa zile zile, balbu zile zile, na usiku ukawa mwingine. Usikimbilie balbu za LED kwenye taa ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Wewe unaona mwanga mwingi, na anayekuja mbele yako anapofuka.

La pili ni mikanda ya usalama. Ule wa pointi tatu ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959. Sisi tulikuwa na mmoja uliooza kwa dereva na hakuna kwa wengine. Tukaweka mipya kwenye sehemu zenye chuma imara, si kwenye bati la sakafu.

La tatu linahitaji utege sikio tena. Nyuma ya Hilux nyingi, kati ya chesisi na ekseli, kuna fimbo nyembamba ya chuma inayokwenda kwenye valvu ya breki. Inaonekana kama kitu kilichosahauliwa. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu nyuma inakaa juu, fimbo inaifanya valvu ipunguze nguvu ya breki za nyuma, tairi zisifunge gari likayumba. Ukipakia, nyuma inashuka, na breki za nyuma zinaongezewa nguvu. Sasa mtu anakuja anaongeza majani ya springi ili gari lisimame juu, lipendeze. Fimbo haijui habari za kupendeza. Inaona nyuma iko juu, inadhani gari tupu, hata ukiwa na tani nzima mgongoni. Breki za mbele zinabaki kufanya kazi peke yake. Ukiinua springi, rekebisha na fimbo. Nimekagua pikapu za marafiki zangu sita zilizoinuliwa. Fimbo ilikuwa imerekebishwa kwenye moja, na kwenye mbili ilikuwa imekatwa kabisa.

Kuboresha gari, kwa maoni yangu, ni kuliwezesha kufanya vizuri zaidi kazi yake lenyewe. Pikapu ya machungwa haihitaji kuwa gari la mashindano. Inahitaji kubeba, kuonekana na kusimama.

Neno moja kuhusu spea. Dukani utaulizwa, "Unataka orijino au ya kawaida?" Mimi nina kanuni ya kimaskini: kinachosimamisha gari na kinachoshika usukani, nanunua kizuri kabisa hata kama nitasubiri miezi miwili. Breki, boljointi, tairodi, mkanda wa taimingi. Kioo cha pembeni, kitasa cha mlango, zulia, hata mtumba. Na kila ulichonunua kiandike kwenye daftari, pamoja na tarehe na kilomita. Daftari langu lina kurasa arobaini na mbili. Siku fundi mmoja aliponiambia beringi za mbele hazijawahi kuguswa, nilifungua ukurasa wa kumi na saba nikamwonyesha. Akacheka, akapunguza bei.

Sasa lile swali ambalo naona linakujia: inalipa? Nitasema kweli. Ukijumlisha vifaa, uchomeleaji, wachongaji na Jumamosi za miezi kumi na tisa, huwezi kuiuza urudishe fedha yako. Anayefufua gari ili auze kwa faida, atakata kona, na kona zenyewe ni zile kumi na moja za chaki. Lakini tazama na upande mwingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka minane. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, imefunga mlango kwa magari ya miaka 15 na kuendelea. Pikapu nyepesi, isiyo na kompyuta, inayotengenezeka kwa spana chini ya mwembe, kwa majirani zetu hawa haiji tena melini. Zilizopo ni hizi tulizonazo, nyuma ya nyumba, na kuku ndani. Ukiwa na shamba, ukiwa na duka la vifaa vya ujenzi, ukiwa na kazi halisi ya kuipa, ifufue. Inalipa kwa kufanya kazi.

Na kuna za kuacha. Gonga chesisi. Ikiwa kila mahali ni pwu, ikiwa nyundo inazama, pokea matokeo. Toa injini, toa giaboksi, toa difu, uwape wenye uhai, chuma kilichobaki kiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yule mzee jirani aliniambia kama maduara yangezidi ishirini angenishauri nimzike marehemu wa pili.

Rangi ilikuja mwisho, na nayo ina hatari yake. Rangi za kisasa zinazochanganywa na hadina zina kemikali inayoweza kuharibu mapafu, na barakoa ya kawaida ya vumbi haizuii mvuke wake. Ama umpe fundi mwenye vifaa vya kupumulia vinavyofaa na chumba cha kazi hiyo, ama utumie rangi ya kawaida kwa brashi na uvumilivu. Mimi nilimpa fundi.

Leo pikapu inabeba machungwa tena, msimu wa pili sasa. Kila baada ya mvua naiingizia bomba la maji chini, kabla sijaosha juu.

Basi, ndugu msikilizaji, kama una pikapu nyuma ya nyumba na moyo umeanza kukuwasha, usiende duka la rangi wiki hii. Nunua nyundo ndogo na chaki. Weka stendi, ingia chini, gonga, sikiliza, chora. Halafu ndipo uamue. Na yale makopo yangu mawili ya buluu ya bahari? Nilipoyarudia baada ya miezi kumi na tisa, lile nililolifungua kujaribu lilikuwa limeganda kama ugali wa jana, na lililobaki halikutosha hata mlango na boneti. Nilinunua rangi upya.